Treni Zimechoka, Mpya Hazijafika: Utie Viraka, Uzifumue au Upunguze Safari?

Nyuma ya Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney World huko Florida, kuna karakana ya ghorofa. Chini hulala injini nne za mvuke zilizotoka kiwanda cha Baldwin kati ya 1916 na 1928, zikafanya kazi Yucatán, Mexico, hadi Disney ilipozinunua mwaka 1969. Juu yake hulala treni za monoreli, yaani zinazotembea juu ya boriti moja, aina ya Mark VI, zilizoundwa na Bombardier ya Kanada na kuanza kubeba abiria kati ya 1989 na 1991. Ningeambiwa nichague kundi moja la kulitunza kwa miaka kumi ijayo, ningekimbilia chini, kwa mabibi.

Sababu ni rahisi. Bomba, vali na gurudumu la chuma, fundi mchongaji mzuri anakutengenezea jingine kwa kuangalia lile la zamani. Saketi ya elektroniki ya 1989 haichongwi. Kiwanda kilichoitengeneza kikiacha kuitengeneza, umebaki na zile ulizonazo kabatini. Ndiyo maana gari la miaka thelathini na kitu linaweza kuwa mzigo mkubwa kuliko la miaka mia.

Monoreli zilizotangulia, Mark IV, zilizofunguliwa pamoja na Magic Kingdom tarehe 1 Oktoba 1971, zilitumika miaka ishirini hivi zikapumzishwa. Warithi wao wamevuka thelathini na bado wanazunguka kwenye njia yenye urefu wa kilomita 23.7. Bombardier nayo haiuzi tena treni. Kitengo chake cha reli kilinunuliwa na Alstom ya Ufaransa mwaka 2021. Na treni ya monoreli huipati kwa kwenda kwenye yadi ya magari na kuonyesha kwa kidole. Huagizwa, huchorwa, huundwa, hujaribiwa, na hiyo ni miaka. Anayevuka kwenda Kigamboni au Likoni anaijua ladha ya kipindi hicho: chombo kimoja kikienda matengenezo, foleni ndiyo inayotoa taarifa.

Makala haya ni kwa aliyekwama hapo katikati. Awe ni wa karakana, wa fedha au wa uendeshaji, na chombo chake kiwe monoreli, basi la ndani ya hifadhi au kivuko, swali ni lilelile: magari ya zamani yafanyweje mpaka mapya yafike?

## Kwanza, vipimo

Nitapima kila njia kwa mambo manne: usalama, viti kwa saa, fedha, na vipuri pamoja na mafundi. Kisha nitasema inamfaa nani.

Lakini kuna swali linalotangulia yote manne, na wengi hulikwepa: je, tarehe ya kufika magari mapya unaijua? Siongelei tarehe ya kwenye hotuba. Nauliza kama mkataba umesainiwa, malipo ya awali yametoka, na mtengenezaji amekupa ratiba ya kujaribu gari la kwanza. "Tunategemea" na "tumesaini" ni maneno mawili yanayotaka matengenezo ya aina mbili. Unayeijua tarehe unanunua muda wenye mwisho, hivyo unaweza kuhesabu tairi na kompresa zitakazokuvusha. Usiyeijua unajibana kwa matumaini, na mwaka mmoja wa kujibana huzaa wa pili, wa pili ukazaa wa tano.

Weka jibu lako karibu. Tutalirudia.

## Njia ya kwanza: kutia viraka na kuchinja treni moja

Hapa treni zote zinaendelea kazini isipokuwa ile mbovu kuliko zote. Hiyo inapelekwa pembeni na kuchinjwa, kama wanavyosema wa gereji: mlango wake unakwenda kwa hii, kompresa kwa ile, kadi za umeme zinawekwa akiba. Nyingine zinatengenezwa usiku na kurudi kazini asubuhi.

Usalama. Njia hii inaweza kuwa salama, kwa sharti kwamba ukaguzi wa kila usiku usigeuke kuwa sahihi tu kwenye fomu. Kinachozeeka kwenye treni hizi si injini peke yake. Kuna milango, kuna matairi ya mpira yanayobeba uzito juu ya boriti na mengine yanayoibana kutoka ubavuni, kuna viatu vya kuchukulia umeme wa volti 600, na kuna maganda ya mwili yanayopigwa na jua la Florida mwaka mzima. Januari 2018 video ilisambaa ikionyesha treni ya rangi nyekundu ikitembea huku mlango wake uko wazi. Hitilafu ya namna hiyo haisubiri mapya yafike. Anayechagua viraka lazima aandike mapema orodha ya vitu ambavyo havitiwi kiraka: milango, breki, mfumo wa kuzuia treni zisikaribiane, vifaa vya kuzimia moto. Kimoja kikiharibika, treni inalala hata kama ni Krismasi na watu wamejaa kituoni.

Kuhusu moto sitanii. Juni 1985 treni moja ya Mark IV ilishika moto behewa la nyuma ikiwa safarini, na abiria wakalazimika kutoka madirishani na kupanda juu ya paa. Juu ya boriti hakuna pa kuteremkia.

Viti kwa saa. Kwenye karatasi hasara ni ndogo. Ukichinja moja kati ya treni 12, kama zilivyo Florida, umepoteza chini ya sehemu moja ya kumi. Kwenye njia hesabu ni nyingine. Monoreli haina mahali pa kupita pembeni. Treni moja ikizimika, zilizo nyuma yake zinasimama, na trekta ya dizeli inatoka karakana kwenda kuikokota. Kwa hiyo usihesabu treni zilizolala. Hesabu mara ngapi kwa wiki njia nzima imesimama.

Fedha. Hakuna njia ya bei ndogo kuliko hii kwa mwaka wa kwanza. Hutolewa kwenye fungu la kawaida la uendeshaji, bila kuomba idhini kubwa, na ndiyo sababu wakubwa huipenda. Kuanzia mwaka wa tatu bili hupanda kimyakimya: saa za ziada za usiku, kipuri kimoja kilichotengenezwa kwa oda maalumu, fidia ya aliyekosa safari.

Vipuri na mafundi. Hapa ndipo hufa. Treni uliyoichinja ina milango yake tu, na ikiisha imeisha. Soko la nje ni jembamba mno, kwa maana jamaa wa karibu wa Mark VI ni treni tisa za Las Vegas Monorail iliyofunguliwa mwaka 2004, nazo zina shida zake. Na kuna kipuri ambacho hakimo kwenye orodha yoyote, nacho ni fundi anayejua kwa kusikia tu kwamba kompresa ya treni fulani imeanza kulalamika. Akistaafu kabla hajaandika anachokijua, umechinja treni ya pili bila kujua.

Inamfaa nani. Mwenye mkataba mkononi na miaka miwili au mitatu ya kusubiri. Tokyo wana mfano wa hali hii. Disney Resort Line, monoreli ya bustani za Disney za huko, ilifunguliwa Julai 2001, na treni zake za awali zilipofikia karibu miaka 20, Hitachi ilileta za Type C kuanzia 2020, moja ikiingia na ya zamani ikitoka. Mwenye ratiba ya namna hiyo hana haja ya kuifumua treni itakayotoka mwakani. Anahitaji kuifikisha tu.

## Njia ya pili: kuzifumua na kuzijenga upya

Treni inaondolewa kazini kwa miezi, inavuliwa mpaka mifupa, nyaya zinabadilishwa, milango na viyoyozi vipya vinafungwa, mfumo wa kuendesha unawekwa wa kisasa. Inarudi na jina lilelile.

Shahidi mkubwa wa njia hii yuko Seattle. Monoreli ya huko ilijengwa na Alweg kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1962, ikiwa na treni mbili tu, nyekundu na bluu. Katika miezi sita ya maonyesho ilibeba zaidi ya watu milioni 8. Treni hizohizo mbili zingali zinabeba abiria, zaidi ya miaka 60 baadaye. Kila anayesema "treni ya miaka 30 imekwisha" aende akazipande.

Usalama. Kwa kifaa chenyewe, hapa ndipo penye nafuu kubwa, kwa sababu unaona ndani ya kila kitu. Lakini njia hii ina uongo mmoja mtamu: ukishaona rangi mpya unaamini kila kitu ni kipya. Seattle tarehe 26 Novemba 2005 treni zake mbili zilikwaruzana kwenye kona karibu na kituo cha Westlake. Miaka ya themanini kituo kilipojengwa upya, njia mbili zilisogezwa karibu kiasi kwamba treni haziwezi kupishana hapo. Hakuna ufumuaji wa treni ungetibu hilo.

Florida ilikuwa vivyo hivyo, na kwa uchungu zaidi. Tarehe 5 Julai 2009 usiku, treni ya monoreli yenye rangi ya waridi ilirudi nyuma ikaigonga ya zambarau iliyokuwa kituoni, na dereva kijana wa ile ya zambarau akafa. Wachunguzi wa shirikisho la Marekani, NTSB, walipomaliza kazi yao hawakulaumu uzee wa chuma. Boriti ya kuhamishia njia haikuwa imewekwa mahali pake, na aliyeruhusu treni irudi nyuma hakuwa amehakikisha. Walitaja pia kukosekana kwa taratibu za kudumu zilizoandikwa. Fumua treni, sawa. Fumua na daftari la taratibu.

Viti kwa saa. Unaumia mwanzoni, unapona baadaye. Kila treni iliyo mezani ni takriban abiria 360 ambao hawapo kwenye njia kila inapopita zamu yake. Ukifumua moja baada ya nyingine, treni 12 zitakula miaka. Ukifumua mbili kwa pamoja, jiandae na foleni za msimu wa likizo.

Fedha. Nyingi, na zinatoka mfuko wa uwekezaji, kwa hiyo zinashindana na fungu lilelile la magari mapya. Ndiyo hatari yake halisi, kwa maana bodi ikishaona treni zimependeza, oda ya mapya husogezwa mwaka mwingine. Kama unataka mapya kwa kweli, omba fedha za ufumuaji na za mapya kwenye waraka mmoja.

Vipuri na mafundi. Wakati njia ya kwanza inakula akiba, hii inaijenga. Saketi ya zamani haitafutwi tena. Inaondolewa na kuwekwa kifaa ambacho bado kinauzwa. Na vijana wa karakana hujifunza treni kwa kuivua yote, jambo ambalo miaka kumi ya kubadili balbu haiwezi kuwafundisha. Ushahidi mzuri ni treni ya Teal ya Disney World. Baada ya ajali ya 2009, sehemu zisizoharibika za zile mbili ziliunganishwa na ikazaliwa hiyo, yenye mstari wa rangi ya kijani-bluu. Baadaye ikaongezwa ya pichi, na hesabu ikarudi 12. Rangi za waridi na zambarau hazikurudishwa.

Inamfaa nani. Asiye na tarehe. Pia mwenye treni chache zenye mapenzi ya watu, kama Seattle, ambako chombo chenyewe ni kivutio na kibadala kingeua nusu ya sababu ya watu kukipanda.

## Njia ya tatu: kupunguza safari na kuwagawa abiria

Hapa unakubali mapema kwamba treni zote haziwezi. Unazichagua zilizo nzima, unafupisha saa, pengine unafunga tawi moja, na wageni wanapelekwa kwa njia nyingine. Watu wa uendeshaji huiona njia hii kama kushindwa. Mimi naiona ni ya kiungwana kuliko zote, mradi ifanywe kwa uwazi.

Usalama. Treni chache zinazopumzika vya kutosha hukaguliwa vizuri. Hatari inahamia kwingine: kwenye barabara za mabasi, gatini, na kwenye msongamano wa watu waliokasirika kituoni.

Viti kwa saa. Hapa wengi hujidanganya, basi tuhesabu pamoja. Treni ya watu 360, ukiigawa kwenye mabasi ya watu 65, ni mabasi matano na nusu. Kama treni ilikuwa ikipita kila dakika tano, unahitaji basi karibu kila dakika moja, kila moja na dereva wake, na mahali pa kugeuzia. Kivuko ni habari nyingine. Vile vikubwa vya Disney World vinavyovuka ziwa la Seven Seas kuelekea Magic Kingdom hubeba watu 600 kwa safari, yaani kimoja ni zaidi ya treni nzima, ila huenda polepole na hutegemea hali ya hewa. Halafu kuna gari la waya, Skyliner, lililofunguliwa Septemba 2019 na kuunganisha bustani nyingine mbili za hapo, Epcot na Hollywood Studios, na hoteli kadhaa kwa vibanda karibu 300. Halina foleni ya ratiba kwa sababu kibanda kinakuja kila sekunde chache, lakini radi ikianza linasimama, na Florida radi si mgeni. Wiki ya kwanza tu lilikwama usiku na watu wakakaa hewani kwa saa kadhaa.

Njia ambayo haikwami ni miguu. Daraja na njia ya kutembea kutoka hoteli ya Grand Floridian hadi Magic Kingdom ilipofunguliwa mwaka 2020, mgeni wa hapo alipata usafiri usiohitaji fundi.

Fedha. Zinatoka polepole kila mwezi: madereva, mafuta, kukodi mabasi. Lakini kuna gharama isiyo kwenye kitabu cha usafiri. Hoteli ya Contemporary ilijengwa treni ipite ndani ya ukumbi wake, na vyumba vyake vinauzwa kwa picha hiyo. Punguza treni, na mhasibu wa hoteli atakupigia kabla ya mgeni kulalamika.

Vipuri na mafundi. Treni zilizopumzishwa huwa akiba bila kuchinjwa, na hiyo ni tofauti kubwa na njia ya kwanza: ukibadili mawazo, unaweza kuzirudisha. Ila chombo kinacholala huharibika kivyake. Mpira hukauka, betri hufa, mijusi huhamia. Izungushe hata mara moja kwa wiki.

Inamfaa nani. Mwenye njia mbadala zilizokwishajengwa. Bustani za Florida zilipofunguliwa tena Julai 2020 baada ya kufungwa kwa korona, tawi la monoreli la Epcot lilibaki kimya hadi Julai 2021, na Epcot ikaendelea kupokea wageni. Bustani yenye treni peke yake isingethubutu.

## Na kufunga kabisa?

Ipo, na si aibu. Bustani ya wanyama ya Chester, Uingereza, iliifunga monoreli yake mwaka 2019 baada ya miaka 28. Vipuri vilikuwa vigumu kupatikana. Watu waliitembelea kwa miguu na wanyama wakabaki. Ikiwa usafiri wako ni wa kuonea mandhari, si wa kufikia lango, weka chaguo hili mezani japo kwa dakika kumi. Na treni yako huenda ikapata mwingine wa kuilea: Mark IV mbili za Disney zilikwenda Las Vegas, zikafanya kazi kati ya hoteli za MGM Grand na Bally's kuanzia 1995.

## Sasa, kwa hali yako

Mkataba umesainiwa na gari la kwanza linakuja ndani ya miaka mitatu: tia viraka, chinja moja, usifumue. Nunua leo matairi na vipuri vya milango vya kutosha hadi tarehe hiyo pamoja na mwaka mmoja wa ziada, maana watengenezaji huchelewa.

Hakuna mkataba, kuna ahadi: fumua zile tatu au nne zenye mwili mzima kuliko nyingine, pumzisha mbovu, na fanya hesabu upya kila mwaka.

Mkataba upo lakini ni wa miaka mitano au zaidi: changanya. Fumua mifumo ya usalama na elektroniki pekee, achana na viti na rangi, na punguza saa za usiku ambazo abiria ni wachache ili karakana ipate muda.

Una kivuko, mabasi na njia za miguu tayari: punguza treni kabla hazijakupunguza, na tangaza saa mpya kabla mgeni hajakata tiketi. Anayeambiwa nyumbani hubadili mpango. Anayeambiwa kituoni na watoto wawili mgongoni hubadili bustani.

Huna njia mbadala yoyote na treni ndiyo lango: viraka bila mpango wa pili ni kamari. Anza na mpango wa pili, hata uwe mabasi ya kukodi ya mwisho wa wiki, ndipo uguse treni.

Na kama umebaki na fundi mmoja anayezijua na amebakiza mwaka astaafu, njia zote tatu zisubiri wiki mbili. Mpe kijana wa kuandika, simu ya kurekodi, na kila treni kwa zamu, aivue kifuniko na aeleze.